Mama mkwe anataka kuondoka na wa kati, na mimi nimechoka mpaka natamani kukubali

Shangazi shikamoo. Jina langu liache, niite tu Mama wa Watatu. Naandika saa sita usiku nimesimama jikoni nimeegemea friji, mdogo yuko mgongoni na nikikaa tu anaamka, kwa hiyo nisamehe makosa, natumia kidole kimoja.

Nina miaka 34, tunaishi Mbezi ya Kimara, ndani ndani huko kwenye barabara ya vumbi. Wa kwanza wa kike yuko la nne, wa kati wa kiume ana miaka mitano yuko chekechea, mdogo ana miezi tisa na kitu. Mimi niko ofisini Posta, mume wangu yuko kwenye godauni moja Vingunguti, kaajiriwa, anaingia kwa shifti, wiki mchana wiki usiku.

Shangazi huu mwezi wa kumi umenishinda. Dada wetu wa kazi aliondoka tarehe 28 mwezi wa tisa, mama yake anaumwa Singida, akasema wiki mbili, tukampa nauli na hela ya dawa, sa hivi simu haipatikani. Afu ndo mambo yote yakaangukia humohumo. La nne wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwezi, shule wameongeza masomo ya jioni, mtoto anarudi saa kumi na mbili hoi na homuweki juu. Chekechea wana mahafali Ijumaa ya mwisho, joho picha na chakula 45,000, na mtoto akariri shairi, shairi lenyewe nimeletewa mimi nimfundishe. Kesho yake Jumamosi wifi yangu ana sendofu, mume wangu ndo katibu wa kamati, vikao kila Jumapili Sinza, mchango wetu laki mbili, sare yangu na ya binti 90,000 na fundi hata vipimo hajachukua. Ofisini tunafunga hesabu za robo mwaka. Mvua zimeanza, ikinyesha bajaji hawaingii mtaani kwetu, natembea kwenye matope na mtoto mgongoni hadi kwa mama anayenilelea mchana. Wiki ya pili wa kati akashikwa malaria, saa nane usiku baba yake akambeba kwa bodaboda hadi hospitali, hilo kiukweli nampa sifa zake, ila asubuhi yeye akaenda kulala, mimi nikaenda kazini sijafumba jicho. Sikukuu ya Nyerere tarehe 14 watu wamepumzika, mimi nimefua kutwa na mvua ikanyeshea nguo zote kwenye kamba. Sindano ya surua ya mdogo, ile ya miezi tisa, imepita wiki mbili sijampeleka.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Wa kati gari la shule linamshusha saa tisa pale njia panda, na tangu dada aondoke binti wa jirani ndo anampokea. Jumatano jirani akaniandikia saa sita mchana kwamba binti anaumwa. Nikaisoma meseji, nikasema nampigia fulani, bosi akaniita, basi. Ikafutika kichwani, yaani ikafutika kabisa. Nimekuja kukumbuka niko kwenye daladala Ubungo foleni haisogei na mvua inapiga, saa kumi na moja. Shangazi nilishuka, nikachukua bodaboda, nikawa nalia ndani ya helmeti. Nimemkuta kwa mama mmoja anayekaanga mihogo, kafunikwa kanga, anakula. Akaniangalia akasema, mama, leo ulinisahau? Sikujua nijibu nini. Nikamwambia hapana, foleni. Nilimdanganya.

Mume wangu akamsimulia mama yake. Mama mkwe akanipigia, hakunigombeza hata kidogo, na ndo iliyoniuma. Akasema nakuja kwenye sendofu, Jumatatu yake naondoka na mjukuu wangu Korogwe, akae hadi mtapovuta pumzi, na hata la kwanza anaweza kuanzia huku, shule iko karibu na bure. Mume wangu nikimuuliza anasema mi naona poa, amua wewe.

Mimi mwenyewe nilipelekwa kwa bibi Kilosa nikiwa na miaka sita. Waliniambia muhula mmoja. Nilikaa miaka minne. Bibi alinipenda sana, sina la kulalamika juu yake, ila nilikuwa nakaa mlangoni kila gari likipita. Niliapa mwanangu sitamfanyia hivyo. Na bado, mama mkwe aliposema vile, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu. Nafuu Shangazi, kama mtu kanitua ndoo kichwani. Mimi ni mama wa namna gani? Nimpeleke au nisimpeleke?

Mama wa Watatu, Mbezi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Ningekuambia keti kwanza lakini najua mdogo ataamka, kwa hiyo egemea hapohapo kwenye friji tuongee.

Nianze na hiyo nafuu maana ndiyo inakunyima usingizi kuliko hata kikohozi cha watoto. Mtu aliyebeba ndoo kutoka kisimani, ukimshika ndoo anashusha pumzi, haina maana anayachukia maji. Ulikuwa na mwezi mzima hakuna aliyekuambia lete nikushike, wa kwanza kusema hivyo akawa mama mkwe. Mwili ukaitika kabla akili haijauliza anataka kubeba nini. Mimi sioni mama mbaya hapo. Naona mama ambaye hajalala tangu mwezi wa tisa.

Na la kituoni. Litakuuma, sitakudanganya kwamba halitauma, ila liweke kwenye saizi yake. Mpango ulikuwa umetundikwa kwenye uzi mmoja, meseji ya jirani saa sita mchana, na uzi ukikatika hapakuwa na mtu wa pili anayejua kwamba mtoto anashuka saa tisa. Baba yake wiki hiyo alikuwa shifti gani? Hujasema. Kama alikuwa wa usiku basi saa tisa alikuwa nyumbani, dakika chache kutoka pale njia panda, kalala, na hakuna aliyemwamsha kwa sababu taarifa ilikaa kwenye simu moja tu, ya kwako. Labda nakosea, labda alikuwa wa mchana. Ila jiulize hivyo. (Na huyo mama wa mihogo mpelekee hata kilo ya sukari. Dar ya watu kama hao bado ipo jamani.)

Sasa swali lako. Umeniuliza aende au asiende, nami nimeisoma barua yako mara mbili nikagundua kitu. Hebu itazame kalenda uliyoniandikia. Upimaji wa binti, mwisho wa mwezi. Mahafali, Ijumaa. Sendofu, Jumamosi. Vikao vya Sinza vinakufa siku hiyohiyo ya sendofu. Hesabu za robo zinafungwa. Bibi anaondoka na mtoto Jumatatu. Yaani mtoto anaondoka mvua ikishapita, unaona? Ungekuwa unampeleka tarehe mosi ningeelewa mzigo unaopunguza ni upi. Ukimpeleka Jumatatu ile, Novemba unayoiogopa ina nini ndani? Kwenye barua yako Novemba haimo. Kilichobaki humo nionavyo mimi ni kimoja, dada hajarudi. Hilo ni kubwa, silidharau hata kidogo, ila ni tatizo la mtu wa kuwa nyumbani saa tisa, na la huyo mama anayekulelea mdogo, na linaweza kuwa na dawa nyingine zaidi ya Korogwe. Au pia inaweza kuwa wewe umechoka kiasi kwamba hata Novemba tupu huiwezi. Hiyo nayo ni sababu halali, ila ijue kwa jina lake usije ukaiita mtoto.

Kuna jambo lingine nalisema taratibu. Kwa nini ni wa kati? Najua jibu, wa kwanza ana mtihani na mdogo ananyonya, aliyebaki ni yeye. Kwa hesabu za mtu mzima liko sawa kabisa. Mtoto wa miaka mitano anahesabu kwa vidole. Kidole cha kwanza, niliumwa. Cha pili, nikasahaulika kituoni. Cha tatu, nikapelekwa. Halafu wenzangu wawili wakabaki. Mtu mzima anajua hivyo vidole havihusiani, yeye nani atamwambia? Kwa hiyo akienda au akibaki, kuna maongezi mnadaiwa nyie wawili ya ile siku ya mihogo. Alikuuliza swali zuri sana, leo ulinisahau, ukajibu foleni. Unaweza kulirudia. Unakaa naye unamwambia, ile siku mama alisahau, nilikosea, niliogopa sana na nilikuja mbio. Watoto wana roho nyepesi kwenye kusamehe. Asipoambiwa ndo anaanza kujitungia yake.

Tuje Kilosa. Umeniandikia bibi alikupenda na huna la kulalamika juu yake. Basi kilichouma si bibi wala Kilosa, au ni mimi nimekusoma vibaya? Naona uliambiwa muhula ikawa miaka, ukawa unahesabu magari mlangoni hujui lipi ni lako. Ukinikubalia hapo, basi kupelekwa kuko kwa namna mbili. Kuna mtoto anayepelekwa akiwa na tarehe ya kurudi, anajua kwa nini, mama anapiga simu jioni, baba anakuja kumchukua siku iliyosemwa. Na kuna mtoto anayepelekwa mambo yatakapokaa sawa. Sasa msikilize tena mama mkwe, hadi mtapovuta pumzi, na hata la kwanza anaweza kuanzia huku. Mama wa watu amesema kwa upendo, sina shaka, bibi gani hamtaki mjukuu. Ila hiyo sentensi ni ya Kilosa, sivyo? Nadhani sikio lako liliisikia, ndiyo maana nafuu ikaja na ganzi.

Haya, mimi ningekuwa na wewe hapo jikoni tungepiga hesabu hivi.

Tuseme aende. Korogwe si mbali, ni basi la asubuhi kutoka stendi ya Magufuli hapo hapo Mbezi kwenu, mchana mtu kafika. Chekechea baada ya mahafali hakosi kikubwa, shule zenyewe zinafungwa mwanzoni mwa Desemba. Atapata bibi, atapata kuku wa kukimbiza, atapata mtu mwenye muda wa kumsikiliza, jambo ambalo nyumbani kwenu mwezi huu limeadimika. Wewe utapata pumzi. Hatari yake ndiyo hiyo ya tarehe kuteleza. Januari ikifika kama dada bado hajapatikana utajikuta unasema basi amalizie muhula. Kinga mojawapo ni kumwandikisha la kwanza hukuhuku Dar kabla hajaondoka, uandikishaji huwa unafunguliwa mwezi huu wa kumi, shule za serikali ada hakuna, cheti cha kuzaliwa mkononi. Mtoto mwenye nafasi yake darasani ana kamba inayomvuta arudi. Na ametoka kwenye malaria juzi, kwa hiyo chandarua kiende naye na bibi ajue dawa aliyomaliza. Hili la kwenda lifikirie pia ukiwa umelala walau usiku mmoja mzima, maana uamuzi wa saa sita usiku mimi huwa siuamini, hata wangu.

Tuseme bibi ndo abaki. Badala ya kuondoka na mjukuu Jumatatu, akae nanyi wiki tatu nne Mbezi. Mmemuuliza? Vuli hii ni msimu wa kupanda, shamba lake linaweza kumkatalia. Na mama mkwe kukaa mwezi jikoni kwako, hilo unalijua wewe, mimi siingii humo, wengine inawajenga na wengine wanamaliza mwezi hawasalimiani. Ila kama mnapatana kama barua inavyoonyesha, watoto wote watatu wangempata na hakuna ambaye angehama.

Tuseme abaki na mtafute mtu. Dada wa kutwa, anakuja asubuhi anaondoka jioni, au yule mama anayemlea mdogo aongezewe kidogo ampokee na wa kati. Inahitaji hela na najua mwezi huu hela imekwenda na joho. (Siku hizi mtoto anamaliza chekechea anavikwa joho kama anatoka chuo kikuu Mlimani, haya bwana.) Hatari hapa ni haraka. Mtu wa kuingia ndani kwako na kushika watoto hatafutwi kwa siku mbili, ulizia kwa watu unaowajua, na wala usipokee katoto ka miaka 13 kalikoletwa kutoka kijijini, hako nako ni mtoto wa mtu. Na huyo wa Singida naye msimseme vibaya kabla hamjajua, mama anaweza kuwa amezidiwa au ameshazikwa.

Kuna na Desemba. Shule zikifungwa mnapanda basi wote, au wewe na watatu mnatangulia kama likizo ipo, unakaa naye siku kadhaa, kisha kama anataka kubaki na bibi hadi mwaka mpya anabaki akiwa amekuona umelala nyumba ileile. Ubaya wake ni kwamba Novemba nzima inabaki mikononi mwako.

Kwenye hesabu hizo zote sijamtaja baba yao na nimefanya makusudi, maana nimemtafuta kwenye barua yako nikamkuta sehemu tatu. Kwenye bodaboda saa nane usiku, na hapo nimempenda. Kwenye kamati. Na kwenye amua wewe. Sisemi ni mtu mbaya, mwanaume anayebeba mtoto na malaria usiku wa manane ana moyo. Ila amua wewe, mwanangu, inasikika kama heshima wakati ni furushi jingine. Mtoto akienda akilia, uliamua wewe. Akibaki ukisahau tena, uliamua wewe. Yeye anasemaje hasa? Yeye alilelewa Korogwe kwa mama huyohuyo, anajua kile wewe hukijui, na wewe una Kilosa ambayo sidhani umewahi kumsimulia vizuri. Umemsimulia? Ile ya mlangoni na magari? Mi nahisi anajua ulikaa kwa bibi, basi. Kabla ya Jumatatu ile mtafute saa moja mbili, hata Jumapili moja katibu akose kikao, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, maharusi wataolewa tu. Mwonyeshe kalenda kama ulivyonionyesha mimi. Wanaume wengi hawajui mtoto anashuka saa tisa kwa sababu hakuna siku wameshika hilo jambo mwanzo mwisho, sasa ashike moja lote. Wiki za usiku yeye ndiye wa njia panda, na jirani amwandikie yeye.

Halafu hili la kazini. Sheria ya ajira yetu ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, ofisi nyingine zinakubali ayachukue kwa kuondoka mapema, kaulize kwa afisa utumishi kwenu wanafanyaje. Na sheria hiyohiyo ina siku zisizopungua nne za ruhusa yenye malipo mtoto wa mfanyakazi akiumwa. Imesema mfanyakazi. Kwa hiyo godauni la Vingunguti nalo linahusika, ile asubuhi ya malaria mmoja wenu angeweza kuomba, na si lazima awe wewe. Bosi anaweza kununa, kuomba kwenyewe kuna gharama yake, unaijua ofisi yako kuliko mimi.

Sendofu sikuambii usiende, wifi ni wifi. Ila sare ya 90,000 wakati fundi hajashika hata futi, hivi mwaka jana hamkushona kitenge kingine chochote? Ukienda na gauni lako zuri la zamani watasema wiki moja. Shairi la mahafali nalo akisahau mistari miwili watu watapiga makofi zaidi.

Mwisho kabisa, mwulize na mwenyewe. Simaanishi umpe uamuzi, hiyo si kazi ya miaka mitano. Mwulize kwa bibi kukoje, angependa kwenda na nani, angependa kulala siku ngapi. Utashangaa. Anaweza kukuambia siku mbili, anaweza kukuambia mia, na namna atakavyokuangalia wakati anajibu itakuambia zaidi ya barua yangu.

Na mdogo mpeleke kliniki wiki hii, hata kwa kuomba ruhusa asubuhi moja. Sindano ya surua ikipita wiki mbili bado anachomwa vizuri tu, wala usiogope kugombezwa na nesi. Ya pili ni akifika miezi 18, iandike mahali ambapo na baba yake anaiona.